Kwa nini napenda filamu za kutisha za nchi za mbali, na jinsi ya kuzianza

Mama yangu mkubwa aliyeko Igoma, hapa Mwanza, aliwahi kuniuliza: "Mwanangu, ya kutisha ya hapa kwetu hayajakutosha mpaka uyafuate Ujapani?" Ni swali zuri, na jibu lake ndilo linalonifanya nizipende filamu hizi, tena zile kali zenyewe, za Ujapani, Korea, Hispania na Ufaransa.

Ya hapa kwetu yananitisha vibaya. Aliyekulia Kanda ya Ziwa hawezi kusikiliza hadithi ya mchawi akastarehe, maana hadithi hizo zina watu halisi ndani yake. Usukumani wapo akina bibi waliouawa kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, na wekundu huo ulitokana na moshi wa jikoni wa miaka na miaka. Wapo ndugu zetu wenye ualbino waliowindwa kwa ajili ya viungo vyao. Kwa hiyo filamu ya nyumbani inapomweka bibi kizee uani usiku wa manane akiwa na ungo na tunguri, mimi simwogopi yule bibi. Namwogopea. Nawaza ni nani atakayetoka kwenye banda la video huku akimfikiria jirani yake fulani.

Sadako hana jirani Mwanza. Huyu ndiye mzimu wa Ringu, filamu ya Hideo Nakata ya mwaka 1998: kuna kanda ya video, na kila anayeitazama hufa baada ya siku saba. Sadako alitupwa kisimani, na anarudi akiwa na nguo nyeupe na nywele ndefu nyeusi zilizofunika uso. Kwa Wajapani sura hiyo ni ya kale, ni mzimu wa mtu aliyedhulumiwa anayerudi kudai haki yake. Naweza kumwogopa kwa mwili mzima, moyo ukaenda mbio na viganja vikalowa jasho, na nikizima kompyuta hakuna binadamu hata mmoja Kirumba au Mabatini ninayemtilia shaka. Hofu imekuja, imenitikisa, imekwenda zake. Hakuna aliyeumia.

Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti wa Coltan Scrivner na wenzake, uliohoji watu wakati wa janga la Uviko-19. Wapenzi wa filamu za kutisha waliripoti msongo mdogo zaidi wa mawazo kuliko wengine. Hilo halithibitishi kwamba ni filamu zilizowaimarisha, ila kwangu mimi linaingia akilini: hofu nayo hufanyiwa mazoezi.

Sasa uanzie wapi? Usianzie Ufaransa, nakuomba. Martyrs ya Pascal Laugier, ya mwaka 2008, haina mzimu wa kuulaumu. Ni mateso ya mwili wa binadamu, marefu, bila mahali pa kupumzikia. Ina fikra nzito na naiheshimu, lakini anayeianza akiwa mgeni wa mambo haya huapa kutorudi tena. Anza na Train to Busan ya Korea Kusini, ya mwaka 2016. Baba na binti yake mdogo wamepanda treni kutoka Seoul, na ugonjwa unaowageuza watu kuwa maiti wakali umeingia ndani ya mabehewa. Aliyewahi kusafiri kwenye basi lililoshona kutoka stendi ya Nyegezi ataielewa mara moja, kwa sababu swali lake ni nani atamvuta mwenzake ndani na nani atafunga mlango. Utaogopa, na utalia. Baada ya hapo nenda REC ya Hispania, ya mwaka 2007, mtangazaji na mpiga picha wake wakifungiwa ndani ya jengo moja Barcelona. Ni fupi na haikuachi upumue.

Tafuta nakala yenye sauti ya asili na maandishi chini. Watafsiri wetu wa muvi nawapenda, tumekua na sauti zao, na kwenye filamu za mapigano hawana mfano. Lakini filamu ya kutisha inakaa kwenye ukimya: mlango unaosita, pumzi, tone la maji. Kila ukimya ukijazwa maneno, kilichobaki ni picha tu. Vaa hedifoni. Na kama kuna mtoto amelala chumba hichohicho, zivae hata kama hupendi, maana anasikia ingawa haoni.

Ipo moja inayovuruga hoja yangu yote, nayo ni The Wailing ya Na Hong-jin, ya mwaka 2016. Ni kijiji cha Korea. Watu wanauana, binti wa askari polisi anaugua, na maneno yanamwangukia mgeni wa Kijapani anayeishi peke yake mlimani. Mganga anaitwa, ngoma zinapigwa, wanyama wanachinjwa. Imetoka mbali, lakini mtu wa huku anatambua kila kitu, hasa ile kasi ya mnong'ono kugeuka silaha mkononi. Wala haikupi jibu jepesi kuhusu yule mgeni. Iache mpaka uwe umeshazoea, na uitazame na mtu mnayeweza kukaa mkaizungumza hadi usiku, kwani ukiitazama peke yako utabaki na mashaka yasiyo na pa kwenda.

La mwisho ni kuhusu kuwaalika watu. Dark Water ya huyohuyo Nakata, ya mwaka 2002, ni ya mzimu wa mtoto na maji yanayovuja darini, na ni nzuri mno. Lakini hapa ni Mwanza. Meli ya MV Bukoba ilizama Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996, na familia nyingi za kando ya ziwa hili bado zina jina la mtu wao pale. Kabla ya kuweka filamu ya maji sebuleni kwa watu, uliza. Mmoja akisita, msimbembeleze wala msimtake ajieleze. Wekeni Train to Busan.