Dada, tutume hela ya nyumba Ujerumani kabla hatujafika?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni mama wa watoto wawili, mmoja ana miaka 8 mwingine 4, tunaishi Uyole hapa Mbeya. Mume wangu kapata skolashipu ya PhD Leipzig, Ujerumani, anaanza mwezi wa 10 na sisi tunataka kumfuata. Nyumba tumeiona onlaini, vyumba vitatu, ina fenicha mpaka mapazia, katikati ya mji, euro 550 kila kitu ndani. Mwenye nyumba anasema yuko Uingereza kikazi hawezi kutuonyesha, tutume euro 1,650 halafu funguo zitakuja kwa kurier, tusipoipenda anaturudishia. Katuma hadi picha ya paspoti yake. Mume anasema mbona hapa tunalipa miezi sita kwa mpigo, hiyo mitatu si nafuu? Mi moyo unasita. Tufanyeje?
Mama wawili, Uyole

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Huo moyo unaosita usiunyamazishe. Msitume hata senti moja.

Hiyo stori ya mwenye nyumba kusafiri na funguo kuja kwa kurier ni ya matapeli, wameitumia miaka na miaka na inabadilika tu jina la nchi aliyopo. Bei yenyewe ni chambo, nyumba ya familia yenye fenicha katikati ya mji na kila kitu ndani kwa hela hiyo hakuna anayeitoa kwa mtu asiyemjua. Na paspoti isikutulize kabisa, mara nyingi ni ya mtu mwingine aliyetapeliwa kabla yenu, aliombwa nakala kama nyie mtakavyoombwa, halafu jina lake ndo linatumika kumpiga anayefuata. Kwa hiyo na za kwenu msitume.

Fikiria hapa kwetu. Ukisikia nyumba ipo Forest au Block T, dalali anakupeleka, unafungua bomba uone maji yanatoka, unauliza luku ni yako peke yako au mnashea, ukitoka unamchokoza jirani kidogo akwambie mwenye nyumba ni mtu wa namna gani. Ndipo unatoa hela. Sasa kwa nini Ujerumani, ambako hujui hata mtaa, utoe hela bila mguu wa mtu unayemwamini kukanyaga mle ndani? Kama kuna Mtanzania mnayemfahamu Leipzig, au mtu wa kanisani (Wamoravian wa huku si wana ndugu zao Herrnhut, na ni jimbo hilohilo la Saxony), mwombeni aende akaione, awapigie vidio akiwa amesimama ndani, afungue bomba, aonyeshe dirisha na jina la mtaa nje.

Ushauri wangu ni baba atangulie. Najua inauma kutengana, sisi tulitengana miezi mitano na mtoto alikuwa ananiuliza kila jioni baba kalala wapi, lakini mtu mmoja kulala chumba cha kushea ni jambo dogo, watoto wawili kukosa pa kulala kwenye baridi ni jambo kubwa. Aombe kwanza shirika la huduma za wanafunzi, wenyewe wanaliita Studierendenwerk, baadhi wana apatimenti za wanafunzi wenye familia, ila foleni ni ndefu kwa hiyo aandike imeili wiki hii asingoje viza. Na aulize ofisi ya wageni ya chuo, wanajua mengi kuliko tunavyodhani. Akishafika aangalie pia vyama vya ushirika wa nyumba, mashariki ya Ujerumani vipo vingi, unanunua hisa unakuwa mwanachama halafu unapanga kwao.

Sasa hesabu, maana hapa ndo wengi tunaumia. Wao wakisema nyumba ya vyumba vitatu wanahesabu na sebule, kwa hiyo ni sebule na vyumba viwili vya kulala, usije ukalalamika umedanganywa. Kwenye tangazo kuna kodi "kalt" na kodi "warm", yani kodi baridi na kodi moto. Baridi ni kuta tupu. Moto wameongeza maji, taka, usafi wa ngazi na kupasha joto nyumba. Umeme na intaneti mara nyingi ni juu yako. Na huko hamna luku ya kuingiza namba, unakatwa kiasi cha makadirio kila mwezi halafu mwisho wa mwaka wanapiga hesabu, mkizidisha mnaletewa bili ya kuongezea, mkibana mnarudishiwa. Juu yake kuna ada ya redio na tivii, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila kaya, hata kama hamna tivii.

Dipoziti kisheria haizidi kodi baridi ya miezi mitatu, na una haki ya kuilipa kwa awamu tatu, ya kwanza pale mkataba unapoanza. Mwambie shemeji hiyo siyo kodi ya mbele kama yetu, ni amana, unarudishiwa ukihama kama hujaharibu. Na dalali, tangu 2015 anayemuita ndiye anamlipa, kwa hiyo kama kaitwa na mwenye nyumba wewe hudaiwi ule mwezi mmoja tuliouzoea Mbeya.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia ni jiko. Tulifungua mlango wa nyumba yetu ya kwanza kule Ujerumani mwezi wa 11, mi nikaenda moja kwa moja jikoni kuchemshia watoto maziwa, nikakuta ukuta mweupe, mabomba mawili yamezibwa vifuniko na waya wa umeme unaning'inia. Hamna sinki, hamna kabati, hamna pa kupikia. Mpangaji aliyetoka kahama nalo, na huko ni kawaida kabisa. Wiki tatu nimeosha vyombo kwenye beseni la kuogea, nimepiga magoti. Kwa hiyo uliza kabla ya kusaini, jiko lipo ndani au halipo? Kama halipo tafuta la mtumba kwa anayehama.

Halafu uliza swali ambalo tapeli hawezi kulijibu vizuri, je utanisainia karatasi ya kujiandikisha? Ukishahamia una wiki mbili kwenda ofisi ya mji kuandikisha anwani, na mwenye nyumba lazima asaini kwamba kweli umehamia kwake. Bila hiyo namba ya kodi ya serikali haiji, kibali cha kuishi kinakwama, na shule ya huyo wa miaka 8 inaleta shida. Anayesema kaa tu ila usijiandikishe, mkimbie. Na siku hiyohiyo ya kuhamia bandikeni majina yenu kwenye sanduku la barua na kwenye kengele, hata kwa karatasi na gundi, maana tarishi asipoona jina anarudisha barua, na mambo yote ya nchi ile yanakuja kwa barua.

Jambo la viza. Kwa kuwa mume anaenda kama mwanafunzi, ubalozi Dar watataka kuona nafasi inawatosha. Kipimo chao ni mita za mraba 12 kwa kila mtu aliyezidi miaka 6 na 10 kwa mtoto mdogo zaidi, kwa hiyo nyie ni 12 mara tatu na 10, jumla 46. Baba atafute kuanzia hapo, mkataba utaambatanishwa na maombi yenu. Ndaga fijo kwa kuuliza kabla ya kutuma.

SWALI: Habari dada, mi ni nesi natoka Kihesa Iringa, naenda Uingereza na mke wangu. Ajenti ananiambia nilipe ada ya fomu, ada ya kukaguliwa na dipoziti ya miezi miwili. Ni sawa?

JIBU: Salama kaka. Kama ni England, siyo sawa. Tangu tarehe 1 Juni 2019 hizo ada za fomu na ukaguzi zimepigwa marufuku kwa mpangaji, na dipoziti haizidi kodi ya wiki tano kama kodi ya mwaka iko chini ya pauni 50,000. Ya kushikia nyumba ni wiki moja tu. Tena dipoziti lazima iwekwe kwenye mfuko unaotambulika ndani ya siku 30 na upewe taarifa ni mfuko gani, dai hiyo taarifa kwa maandishi. Halafu kuwa makini na bei za kwa wiki, usizidishe mara nne, mwaka una wiki 52. Pauni 200 kwa wiki ni kama 867 kwa mwezi siyo 800. Na ulizia kodi ya halmashauri, mara nyingi haimo humo.

SWALI: Dada, sisi wa Makete tumezoea kuota mkaa ndani ya nyumba. Mwanangu yuko Ujerumani analalamika kupasha joto ni ghali, anunue jiko la mkaa?

JIBU: Hapana mama yangu, mpigie leo umkataze. Nyumba za kule madirisha yanabana kabisaa, hewa haipiti kama kwetu, na ile sumu ya mkaa haina harufu, watu wanalala hawaamki. Avae sweta ndani, afunge mlango wa chumba anachopasha joto, na asubuhi na jioni afungue madirisha wazi kabisa dakika tano mpaka kumi halafu afunge. Hilo la madirisha asilidharau. Sisi tulikuwa tunaanika nguo ndani huku tumefunga kila mahali tukiogopa baridi, siku tunahama tukasogeza kabati, nyuma yake ukuta mweusi kwa ukungu kuanzia chini mpaka usawa wa kifua changu, na mwenye nyumba akakata zaidi ya nusu ya dipoziti yetu.