Usilipe boti ya mbao ikiwa bado inaelea

Mkuu, usilipe. Hata arbuni usitoe. Nimesoma mara mbili uzi wako wa kutaka kununua boti ya mbao ya futi 26, na nilipofika pale ulipoandika kwamba muuzaji wa Bagamoyo kakuambia "boti imepakwa rangi juzi, kalafati ni mpya, haina haja ya kuipandisha mchangani" (kalafati ni ile pamba ya kuziba maungio ya mbao), nimeacha kazi niliyokuwa nafanya nikaja kukujibu. Maneno hayohayo niliambiwa mimi. Yalikula chombo, yakala na injini.

Umeuliza mengi: injini ya nguvu ya farasi (HP) 15 au 40, leseni, nahodha alipweje, na kama ununue sasa au usubiri kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini. Hayo yote ni ya baadaye. Boti ya mbao hainunuliwi ikiwa inaelea. Inanunuliwa ikiwa imekaa juu ya mchanga, tumbo lote liko wazi, nawe umepiga magoti chini yake na bisibisi mkononi, ukiwa na fundi uliyemtafuta wewe mwenyewe na si aliyeletwa na dalali.

Yangu ilikuwa ya futi 26 kama hiyo yako, imepakwa buluu na nyeupe, inapendeza kwelikweli. Nilionyeshwa maji yakiwa yamejaa. Tukaifuata kwa mtumbwi, tukapanda, injini ikaitika kwa mvuto wa kwanza, tukatoka nje kidogo tukarudi. Chini, kwenye ngama, yaani tumboni mwa chombo maji yanapojikusanya, niliona maji. Nikauliza. Fundi aliyekuja na dalali akanijibu bila hata kuinama kuyatazama: "Bosi, chombo kilikaa juani muda mrefu. Mbao ziache zivimbe, maji yatakata yenyewe."

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo wanapowapata watu. Alichosema ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Boti ya mbao ikikaa juu kavu kwa muda, mbao hunywea, na maungio kati ya ubao na ubao huachana. Ukiirudisha majini inavuja, halafu mbao zinavimba, zinabana ile pamba ya kalafati, na uvujaji unapungua. Kila mvuvi anajua hilo. Lakini hayo ni maji yanayopita kwenye maungio. Maji yanayopita kwenye tundu la msumari uliooza, au katikati ya ubao ulioliwa, hayapungui hata mbao zivimbe namna gani. Namna ya kutofautisha ni rahisi: ya maungio yanapungua siku hadi siku, na baada ya siku chache unakumba kidogo tu. Yasipopungua, au yakizidi, jua kuna shimo. Fundi yule alilijua hilo kuliko mimi na wewe. Aliamua tu kunipa ile nusu iliyomsaidia kula kamisheni.

Nililipa. Kwa wiki za mwanzo mlinzi alikuwa akikumba maji kila asubuhi, na kila nikipiga simu kwa dalali jibu ni lilelile, mbao zinavimba, vuta subira. Kikaja kipindi cha kusi, upepo mkali wa kutoka kusini. Usiku mmoja upepo ulivuma, mawimbi yakaipiga boti ikiwa kwenye nanga, mlinzi hakwenda kuitazama, na kulipokucha kilichoonekana juu ya maji ni omo, ile ncha ya mbele, peke yake. Injini ilikuwa chini imelala ndani ya chumvi.

Maji yalipokupwa tukaivuta, tukaitoa maji, tukailaza ubavu. Nilimwita mzee mmoja fundi wa vyombo, mtu wa makamo ya baba yangu, ambaye kama ningemwita mwezi mmoja kabla ningemlipa nauli na chai tu. Hakusema kitu. Alikwangua rangi karibu na mkuku, ule mti mkuu wa chini ya chombo, kwa ncha ya panga, akachukua bisibisi yangu, akaisukuma kwenye ubao kwa kiganja. Iliingia mpaka mpini. Hakupiga nyundo, alisukuma tu. Akaizungusha, kikatoka kipande kama cha kiganja, akanipa nishike. Nje kilikuwa na rangi ya buluu, safi, haina hata mkwaruzo. Ndani kilikuwa vishimo vitupu vimepangana, kila kimoja kimepakwa utando mweupe mgumu kama chaki. "Mwanangu," akaniambia, "hii si mbao tena, hili ni sega la nyuki."

Mdudu anayefanya kazi hiyo kitaalamu anaitwa Teredo. Ana mwili mrefu kama mnyoo, lakini ukoo wake ni mmoja na chaza na kombe. Anaingia kwenye ubao akiwa mdogo mno, kwa tundu la ukubwa wa kichwa cha pini, kisha anakulia humohumo ndani akichimba kufuata nyuzi za mbao. Ule utando mweupe anautengeneza mwenyewe. Tundu alilopitia halipanuki, ndiyo maana nje unaona ubao mzima kumbe ndani hamna kitu. Rangi mpya ikishapita juu yake, hata macho ya tai hayaoni. Na mdau wa Mwanza aliyekujibu hapo juu kwamba rangi nzuri inatosha, sina ugomvi naye, ila yeye anazungumzia Ziwa Victoria. Mdudu huyu ni wa maji ya chumvi, maji baridi, yasiyo na chumvi, hayawezi. Boti ya ziwani na boti ya baharini zinaugua magonjwa mawili tofauti.

Tulipong'oa sakafu ndogo ya ndani tukakuta la pili: saruji. Mtu alimwaga saruji kwenye ngama, kati ya mataruma, zile mbavu za chombo, akaisawazisha, akapaka rangi ya kijivu juu. Uzito ule wote mimi nilidhani ni utulivu wa chombo. Saruji haishikani na mbao inayovimba na kunywea, inaachana nayo, na maji yanakaa kati yake na ubao, yanaozesha taratibu bila mtu kuona. Aliyefanya vile hakuwa akitengeneza boti. Alikuwa akiiandaa kwa ajili ya mnunuzi.

Yule dalali baadaye nilikuja kujua kwamba fundi wake ni shemeji yake. Nilipompigia akaniambia bahari ni bahati. Bahari haikuhusika, mkuu. Mtu aliona maji ndani ya chombo, alijua yanatoka wapi, akaniambia niache yakate yenyewe, huku akijua nitapakia watu humo. Hili ndilo linaloniuma kuliko pesa. Ile boti ningeipakia abiria mwezi ule ule. Wewe umeandika kwamba unataka kubeba abiria na mizigo. Angalau wawili watatu kati yao watakuwa akina mama wasiojua kuogelea.

Kwa hiyo fanya hivi, na usiruke hata kimoja.

Tazama mwezi. Bamvua, yaani maji makuu ya kujaa na kupwa sana, huja siku za mwezi mwandamo na siku za mwezi mpevu, na siku moja mbili baada yake ndipo maji hutoka sana. Pwani yetu siku hizo maji hupwa mwisho kwenye saa nne hadi saa tano asubuhi, mchana kweupe, na tofauti ya kujaa na kupwa hufika mita tatu na zaidi. Maana yake huhitaji chelezo (gati la kupandishia vyombo nchi kavu) wala krini. Mwambie muuzaji alete chombo kwenye mchanga ulio tambarare, usio na mawe, maji yakiwa yangali juu, mkisubiri yanaondoka yenyewe na boti inabaki kavu. Una saa kadhaa za kufanya kazi kabla hayajarudi.

Kabla hayajaondoka kabisa, usiwaruhusu kukumba maji ya ndani. Yaache. Boti ikishakaa mchangani na nje kumekauka, maji ya ndani yataanza kutoka nje kupitia palepale yalipoingilia, na utayaona yanavyodondoka. Kama wamekwisha kuikausha, mwaga ndoo kadhaa ndani halafu zunguka nje ukitazama. Yanayodondoka kwenye mstari wa maungio weka alama ya chaki. Yanayodondoka katikati ya ubao, au kwenye kichwa cha msumari, weka alama nyingine. Ukiona za aina ya pili nyingi, fungasha uende nyumbani.

Halafu kwangua rangi. Muuzaji atalalamika, mwambie utaipaka rangi upya. Kwangua pale ubao wa kwanza unapokutana na mkuku, kwenye fashini, ile miti inayosimama mbele na nyuma ya chombo, kwenye mstari ambapo maji hufika chombo kikielea, na hasa ubao wa nyuma unaobeba injini, kuzunguka bolti. Gonga kwa nyundo ndogo ukienda hatua kwa hatua na usikilize. Ubao mzima unalia mkavu, ubao ulioliwa unalia mzito na mfu. Panapolia vibaya sukuma bisibisi. Ukiona michirizi myeusi au ya kutu inashuka kutoka kwenye vichwa vya misumari, ni misumari ya chuma cha kawaida imeanza kuisha, na ikiisha ubao haushikwi na kitu. Ndani inua kila ubao wa sakafu. Ukikuta saruji, usiulize ni ya nini. Ondoka.

Ikipita yote hayo, iache ielee usiku mzima bila mtu kukumba, nawe uwepo asubuhi kabla ya mtu mwingine kufika. Pima kina cha maji kwenye ngama kwa kijiti. Rudia usiku wa pili, ulinganishe.

Fundi umpate wapi? Usiulize kwa muuzaji. Nenda dikoni, vyombo vya uvuvi vinapotia nanga, uwaulize wavuvi wenye vyombo vikongwe vinavyofanya kazi mpaka leo nani anawakalafatia. Ukiwa Bagamoyo, pale Mbegani pana chuo cha uvuvi cha FETA, wakala wa serikali wa mafunzo ya uvuvi, hukosi mtu wa kukuelekeza. Ongea pia na viongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia diko, pale chombo kilipo, wao wanajua boti gani imewahi kuzama na ipi imebadilishwa jina. Mlipe fundi siku yake hata akikuambia usinunue. Akikuambia hivyo ndiyo kazi nzuri kuliko zote.

Kama boti ni nzima, bado ujue kazi haijaisha. Wazee wetu hawakuwa wajinga walipokuwa wakipandisha chombo kila mara, wakikwangua, wakikichoma tumbo kwa moto wa makuti ili kumuua mdudu ndani ya ubao, kisha wakipaka deheni ya chokaa na mafuta sehemu inayokaa majini. Leo kuna rangi maalumu za chini ya boti, sawa, lakini ratiba ya kupandisha ni ileile. Anayekuambia boti ya mbao haihitaji kupandishwa hajui boti, au anaijua hiyo yake vizuri mno.

Kuhusu injini. HP 15 kwa futi 26 yenye abiria na mizigo itakutesa kwenye upepo wa kusi, hilo sina shaka. Ila usiichague kabla ya kupima ubao wa nyuma: kuna shafti (mguu wa injini unaoshuka majini) fupi ya inchi 15 na ndefu ya inchi 20, na ukikosea rafadha, ile pangaboi ya kusukuma boti, inakaa juu inapiga hewa, au inakaa chini mno inakwaruza mchanga. Linganisha namba ya injini na risiti, injini za wizi ni nyingi pwani hii. Ukiwasha, hakikisha inakojoa vizuri pembeni yale maji ya kuipoza, isipokojoa izime hapohapo. Na Mungu apishie mbali, ikizama, usiitoe ukaiacha ikauke juani kama walivyoniachia mimi walinzi wangu. Chumvi ikikutana na hewa ndani ya injini kutu inaanza palepale. Kama fundi hajafika, itumbukize kwenye pipa la maji yasiyo na chumvi mpaka aje, afungue plagi, atoe maji, aisafishe na kuipa oili siku hiyohiyo. Mimi niliambiwa hilo baada ya siku mbili, na ile injini ilikuwa na thamani kuliko mbao zote zile.

Leseni, kama ni kubeba abiria, anza na TASAC, shirika la serikali la uwakala wa meli, ukaguzi na usajili wa vyombo vidogo uko kwao, na leseni ya uvuvi utaikuta halmashauri. Mkaguzi akija na boti imepandishwa ni nafuu kwako pia. La mshahara wa nahodha wadau wengine watakusaidia.

Leo jioni mpigie simu muuzaji, mwambie unaitaka boti mchangani bamvua ijayo, kwa gharama zako, na fundi wako. Akikubali bila maneno, njoo hapa utuambie, nitakusaidia kutazama picha za mkuku. Akianza kukuambia kuna mteja mwingine anakuja kesho na pesa taslimu, mwache huyo mteja aje.