Mapambo ya piano yakae wapi katika wimbo wa waumini?

SWALI: Bwana asifiwe, mwalimu. Mimi hupiga kinanda katika kanisa letu huku Kahawa West, ibada ya kwanza na ya pili. Solfa (do, re, mi) naijua vizuri tangu kwaya ya shule, noti za mistari bado najikaza nazo. Nikipiga tenzi jinsi sauti nne zilivyoandikwa, piano inakuwa nzito na wimbo unaburuta. Nikiongeza mapambo, waumini wanapotea na wazee wanageuka kunitazama. Sasa mchungaji ameniomba nipange "Yesu kwetu ni rafiki" kwa kwaya na waumini pamoja. Nianzie wapi? Na je, ni vibaya kutumia kile kitufe cha kuhamisha ufunguo?

JIBU: Asifiwe sana, dada. Mkono wako hauna kasoro yoyote. Zile sauti nne ziliandikwa ziimbwe, na mwimbaji akishika sauti inabaki na nguvu mpaka pumzi imwishie. Kinanda cha mabomba nacho hudumisha sauti muda wote kidole kikiwa chini. Piano haina uwezo huo. Nyundo ikishapiga waya, sauti inaanza kufifia papo hapo, na piano ya umeme imetengenezwa iige tabia hiyohiyo. Kwa hiyo ukipiga ukurasa wa kwaya kama ulivyo, kila kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, inakufia mkononi kabla ya inayofuata, na waumini, wasiposikia kitu cha kuwabeba, wanapunguza mwendo.

Panga upya vidole. Mkono wa kushoto uache kubeba tenori na besi kwa pamoja, upige besi peke yake kwa oktava. Tenori ihamie mkono wa kulia, ikae chini ya alto au ipandishwe oktava moja kama nafasi ipo, na soprano ibaki juu kabisa ambapo hakuna kidole kingine kinachoivuka. Hapo umepata kishindo chini na wimbo juu, na katikati kuna hewa. Kodi ikilazimika kukaa mapigo mawili au zaidi, usiiache ife: ivunje noti moja moja, au irudie kwa upole katika pigo la tatu. Pedali ibadilishwe kila kodi inapobadilika. Kanisa la mawe lenye dari refu linarudisha mwangwi, kwa hiyo punguza pedali humo. Chini ya mabati, hasa mvua ya Aprili ikishuka, hata ukikanyaga namna gani utasikika kwa oktava za chini tu, kwa hiyo zipe nguvu hizo na uache madoido.

Sasa wimbo wenyewe. Maneno yake ya Kiingereza yaliandikwa na Joseph Scriven mwaka 1855, na tuni hii tunayoimba ikatungwa na Charles Converse mwaka 1868. Tuni ikafuata mkazo wa Kiingereza. Kiswahili kikaja baadaye, nacho kina mkazo wake, silabi ya pili kutoka mwisho. Imba mstari wa kwanza pole pole huku ukipiga meza: YE-su KWE-tu ni ra-FI-ki. Kila mkazo umeangukia mahali pake, mfasiri alifanya kazi nzuri kweli. Imba wa pili: hwa-mbi-wa ha-ja pi-a. Tuni inakanyaga hwa, wa, ja na a, ilhali ulimi unataka MBI, HA, PI. Silabi "pi" inapita mbio, halafu "a" inavutwa karibu kipimo kizima cha mapigo manne.

Hili ndilo jambo ninalotamani kila mpiga kinanda wa Nairobi alichunguze kabla ya kugusa kodi hata moja, maana piano inaweza kulitibu au kulizidisha. Ukigonga oktava nzito kwenye "hwa" na nyingine kwenye ile "a" ya mwisho, umeyavunja maneno mbele ya watu wote. Kwenye mstari huo lainisha pigo la kwanza, panda kidogo kuelekea "ha", kisha ufike kwenye kodi ya C (ukipiga katika ufunguo wa F) kwa upole. Waumini hawatajua umefanya nini, ila wataimba sentensi inayoeleweka. Kwa kwaya pekee unaweza kwenda mbali zaidi. Solfa ya mstari huo ni s, d m d s m r, na s ya kwanza ni ya chini. Mpe "ja" noti mbili, s na m, kisha "pi" iangukie r mwanzoni mwa kipimo, na "a" iifuate kwenye r hiyohiyo katika pigo la tatu. Usijaribu hilo kwa kanisa zima, kwa sababu mama aliyeimba tenzi hiyo tangu utotoni hataibadilisha kwa ajili ya mpango wako, na ana haki.

Mapambo, basi, yakae wapi? Yakae pale waumini wanaposhikilia noti au wanapovuta pumzi. Katika tuni hii kila mstari wa pili unaishia na noti ndefu. Hapo mkono wa kulia una mapigo mawili au matatu ya kutembea: ngazi fupi ya kupanda, au mwangwi wa noti tatu za mwisho kwa oktava ya juu. Maneno yakirudi, wewe rudi kwenye tuni. Wazee wanaokugeukia wanakosa soprano tu. Wameizoea iwe njia yao, na umeifunika na noti nyingine zilizo juu yake.

Kuhusu mwendo, usiwasubiri wala usiwakimbize. Mwisho wa mstari inua mikono yote miwili nusu pigo kabla ya wakati. Kile kimya kifupi huwaambia watu mia nne wavute pumzi pamoja, na huwa na nguvu kuliko kugonga kwa sauti. Utangulizi nao uwe mstari wa mwisho wa ubeti, kwa mwendo uleule mtakaoimbia. Mpiga kinanda anayeanza polepole kwa uzuri kisha akataka watu waharakishe anawachanganya mwenyewe.

Ufunguo: vitabu vingi huandika tuni hii katika F. Hapo noti ya chini ni C ya katikati na ya juu ni D, oktava moja na noti moja. Mtu wa kawaida anaweza. Lakini ibada ya kwanza ni asubuhi, koo hazijafunguka, wengine wametoka kwenye baridi ya stendi. Anza katika E-flati kwa beti mbili, kisha mpande F kwa ubeti wa mwisho. Njia ya kupandia ni rahisi: mkimaliza kwenye kodi ya E-flati, yenye E-flati, G na B-flati, shikilia G na B-flati, inua E-flati iwe E, na mkono wa kushoto upige C. Umepata kodi ya C yenye saba (C7), na sikio la kila mtu linataka kwenda F. Ipe kipimo kizima, usiwashtukize. Kwenye karatasi ya kwaya andika noti ya daraja, r ndogo kando ya d kubwa, kwa sababu r ya E-flati ndiyo d ya F.

Katika ubeti huo wa mwisho waumini na kwaya waimbe sauti moja, nawe ndipo ubadilishe kodi. Besi ianze F, ipite E, itue D mwisho wa mstari wa kwanza, pale ambapo ubeti wa kwanza una "-fiki". Tuni pale ina F na D, na zote mbili zimo ndani ya kodi ya D ndogo (D minor), kwa hiyo hakuna anayegongana na mwingine. Kama alto na tenori wataendelea na sauti zao za kitabuni juu ya kodi mpya, mtagombana, basi waandikie waziwazi: "wote soprano". Kwaya ifundishwe bila piano kwanza. Ikisimama yenyewe, hata stima ikipotea Jumapili mtaimba.

Haki za wimbo hazitakusumbua kwa tuni hii. Sheria ya Kenya inalinda kazi ya mtunzi kwa miaka 50 baada ya kifo chake, na Converse alifariki mwaka 1918. Wimbo wa mtunzi aliye hai ni jambo jingine. Mwombe ruhusa kwa maandishi kabla ya kupanga upya kazi yake, hata kama ni mwanakwaya mwenzako.

Na kile kitufe, kitumie bila hofu pale kiongozi anapoanzisha pambio kwenye ufunguo wake mwenyewe na huna muda wa kufikiri. Kwa wimbo uliopangwa, kiache sifuri. Ukikisogeza, vidole vyako vitakuwa kwenye F na spika inatoa E-flati, na mpiga gitaa anayeangalia mikono yako atapotea. Jifunze E-flati kwa vidole, ina flati tatu tu, na tuni hii ina kodi kuu tatu: E-flati, A-flati na B-flati.