Njia tuli ipo, lakini printa haionekani

SWALI: Nina ruta mbili. Ya kwanza, 192.168.1.1, ndiyo yenye intaneti. Ya pili inapokea waya kutoka kwa ya kwanza kwenye tundu lake la WAN (la kuunganisha nje), na mtandao wake ni 192.168.2.0. Huko ndiko iliko printa, 192.168.2.50. Nimeongeza njia tuli (njia ya data unayoiandika mwenyewe) kwenye ruta ya kwanza, ila kompyuta zilizo upande huo haziipati printa. Walio upande wa pili wanafika kote. Nimekosea wapi?

JIBU: Kwamba walio upande wa pili wanafika kote, hilo lenyewe linatuonyesha pa kuanzia. Ruta ya pili inafanya NAT: kila pakiti (kifurushi cha data) inayotoka huvishwa anwani ya tundu la WAN, na majibu hurudi bila shida. Lakini pakiti inayoanzia nje inazuiwa na faiawoli (ukuta wa ulinzi) ya ruta hiyo, hata njia tuli iwe sahihi kiasi gani.

Hata hivyo, kagua kwanza ulichoandika. Mtandao: 192.168.2.0. Maski: 255.255.255.0. Lango, yaani kifaa cha kupokea pakiti na kuzipeleka mbele: anwani ya WAN ya ruta ya pili, tuseme 192.168.1.2. Kiolesura: LAN, yaani upande wa mtandao wa ndani. Wengi huweka 192.168.2.1 kuwa lango, na hapo ndipo mambo huharibika: ruta ya kwanza haijui pa kuipata anwani hiyo, maana ndiko kwenyewe inakotafuta njia. Lango lazima liwe ndani ya mtandao ambao ruta tayari imo. Ukichagua WAN badala ya LAN, ruta itazitafutia pakiti njia upande wa intaneti, nazo hazitafika. Na hiyo 192.168.1.2 ifungie kwenye DHCP (huduma inayogawa anwani) ya ruta ya kwanza isibadilike, la sivyo siku umeme ukikatika na kurudi, njia inaweza kuelekea pasipo na ruta.

Sasa ingia ruta ya pili, zima NAT, kisha ruhusu kwenye faiawoli pakiti zinazotoka 192.168.1.0. Baada ya hapo jaribu intaneti kwa walio upande wa pili. Ikiwa imekatika, ruta ya kwanza inafanyia NAT mtandao wake peke yake. Uongeze na 192.168.2.0. Kagua pia printa yenyewe: kama anwani yake iliandikwa kwa mkono na nafasi ya lango ikaachwa tupu, inapokea pakiti ila haina pa kuzirudishia. Iandikie 192.168.2.1.

Ili uone pakiti zinapita wapi, kwenye Windows andika tracert -d 192.168.2.50. Mstari wa kwanza uwe 192.168.1.1, wa pili 192.168.1.2. Ukiona badala yake anwani za mtoa huduma, njia tuli haitumiki.

Ruta nyingi za nyumbani hazina kitufe cha kuzima NAT. Kama yako ni hivyo, na huna sababu ya kutenganisha mitandao, achana na njia tuli kabisa: ipe ruta ya pili anwani ya LAN 192.168.1.2, zima DHCP yake, kisha hamishia waya kutoka tundu la WAN kwenda la LAN. Mtandao unabaki mmoja.

SWALI: Mimi NAT nimeshaizima na ping (jaribio la kuuliza kama kifaa kinafikika) inajibu, lakini ukurasa wa printa haufunguki.

JIBU: Pakiti zako zinakwenda kwa njia moja na kurudi kwa nyingine. Kompyuta inatuma kupitia 192.168.1.1, lakini ruta ya pili inaijibu moja kwa moja, kwa kuwa wako mtandao mmoja. Faiawoli ya ruta ya kwanza inaona nusu ya mazungumzo ya TCP, ambayo huanza kwa pande mbili kukubaliana, inayahesabu batili na kuyatupa. Ping haihitaji makubaliano hayo, ndiyo maana inapita.

Thibitisha kwa kufungua dirisha la amri kama msimamizi:

route add 192.168.2.0 mask 255.255.255.0 192.168.1.2

Ukurasa ukifunguka, chanzo ndicho hicho. Rudia kwa route -p add ili njia isipotee kompyuta ikizimwa. Kwa simu, ambazo huwezi kuziandikia njia kirahisi, tafuta chaguo namba 121 kwenye DHCP ya ruta ya kwanza. Hilo hugawa njia pamoja na anwani, kwa vifaa vinavyolitambua.