Bustani ya nyumbani kwenye mchanga wa Pwani: lisha udongo kabla ya kupanda

Kiwanja cha mita 20 kwa 20, ambacho ndicho kipimo kilichozoeleka katika mitaa mingi mipya ya pembezoni mwa Dar es Salaam, hubaki na nafasi ya kutosha kwa bustani hata baada ya nyumba, shimo la choo na njia ya gari kuchukua sehemu zao. Kinachokosekana kwetu Kigamboni, na kwa wenzetu wengi wa Mbagala, Chamazi na Bunju, ni udongo wenye nguvu. Ardhi yetu ni mchanga: maji unayomwagilia asubuhi huzama kabla ya adhuhuri, na virutubisho vinavyoyeyuka hushuka pamoja nayo hadi mahali ambapo mizizi ya mchicha haifiki. Kwa hiyo jirani anaponiuliza anunue mbegu gani, humwambia kwamba fedha yake ya kwanza aipeleke kwenye samadi, na mbegu zisubiri mpaka tuta liwe tayari. Nimelima mboga na matunda nyuma ya nyumba kwa miaka mingi, na sijaona pembejeo nyingine inayolipa kuliko hiyo.

Samadi iliyooza na mboji hushika maji ambayo mchanga peke yake ungeyaachia, hushika virutubisho visisombwe na mvua, na hulisha viumbe wadogo wa ardhini ambao ndio wanaoifanya mizizi iwe na afya. Tuta jipya ninalipa ndoo mbili za lita 20 kwa kila mita moja ya mraba, kisha naichanganya mbolea hiyo na mchanga hadi kina cha sentimita 30 hivi. Baada ya hapo ndoo moja kwa kila msimu wa kupanda inatosha. Joto la Pwani huimaliza mboji haraka kuliko baridi ya Lushoto au Njombe, kwa hiyo kazi hii haifanyiki mara moja ikaisha. Ukitaka kujua kama tuta lako limeanza kubadilika, chota konzi moja ya udongo siku moja baada ya kumwagilia, uufumbate, kisha ufungue mkono. Mchanga mtupu utatawanyika papo hapo, lakini udongo uliolishwa utabaki na alama za vidole vyako kwa muda kabla ya kumeguka.

Mbolea inayopatikana kwa urahisi mjini ni ya kuku wa nyama, kwa kuwa wafugaji ni wengi na wengi wao hufurahi kuiondoa bandani kwa bei ndogo. Mbolea hiyo ni kali sana ikiwa mbichi, na ukiitia kwenye tuta siku hiyo hiyo itaunguza miche. Tena huja imechanganyika na maranda yaliyotandikwa bandani, na maranda ambayo hayajaoza hutumia naitrojeni ya udongo wakati yanapooza, mboga zikabaki manjano na kudumaa huku mwenye bustani akishangaa kwa nini mbolea haijafanya kazi. Ndiyo sababu nashauri iozeshwe kwanza kwenye lundo. Jenga lundo lenye upana, urefu na kimo cha mita moja moja, kwa sababu lundo dogo zaidi ya hapo halipati joto la kutosha. Weka tabaka la vitu vikavu, kama majani yaliyoanguka na nyasi kavu, juu yake tabaka la vitu vibichi, kama maganda ya ndizi, mabaki ya mboga na magugu ambayo hayajatoa mbegu, kisha tabaka la mbolea ya kuku, na kila tabaka lilowanishwe. Usitie nyama wala chakula kilichopikwa, maana vitaleta panya. Funika kwa turubai kuukuu au majani ya mgomba.

Chomeka kijiti kirefu katikati ya lundo na ukiache humo. Baada ya siku nne au tano kichomoe na ukiguse: kikiwa cha moto, kazi inaendelea, kikiwa kikavu na baridi, ongeza maji, kikiwa na majimaji yenye harufu mbaya, lundo limekosa hewa, basi lipindue na uongeze vitu vikavu. Ninalipindua kila baada ya wiki mbili hivi, na kwa joto letu mboji huwa tayari kwa takriban miezi mitatu. Utaitambua kwa rangi yake nyeusi na kwa harufu yake, ambayo ni kama ya ardhi iliyonyeshewa mvua ya kwanza.

Maji ndiyo gharama inayowakatisha watu tamaa, hasa pale ambapo bomba halitoi kila siku na maji ya boza yananunuliwa. Katika siku za jua kali tuta linahitaji karibu lita 5 kwa kila mita ya mraba, na hivyo tuta lenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 4 litakunywa ndoo moja ya lita 20. Upana huo wa mita 1 unakuwezesha kufikia katikati ukiwa upande wowote bila kukanyaga udongo uliouhangaikia. Matandazo ya nyasi kavu yenye unene wa vidole vinne huzuia jua lisiunguze uso wa udongo, na kwa maoni yangu bustani ya Pwani isiyo na matandazo haina sababu ya kuwapo. Kiangazi nachimba matuta yangu yazame chini kidogo ya njia ili maji yasitoroke. Masika yakikaribia nayainua ili mizizi isizame. Paa nalo lisisahauliwe: mvua ya milimita 20 inayoangukia paa la mita 50 za mraba hutoa karibu lita 1,000, mradi kuwe na mfereji na tangi la kuzipokea.

Visima vingi vya ukanda wetu vina chumvi, na chumvi ikizidi huonekana kwenye kingo za majani, ambazo hukauka na kuwa kahawia kana kwamba zimebabuliwa na moto. Maharage, karoti, vitunguu na jamii ya machungwa na ndimu huteseka mapema. Spinachi huvumilia vizuri kuliko mboga nyingi, na mnazi, kama kila mtu wa Pwani ajuavyo, hauna neno. Mwenye kisima cha chumvi amwagilie maji mengi kwa mara chache badala ya kidogo kidogo kila saa, ili chumvi isukumwe chini ya mizizi, na atumie maji ya mvua kwa miche michanga. Asizidishe majivu pia, kwa kuwa nayo huongeza chumvichumvi.

Anayeanza aanze na mboga zinazopenda joto, yaani mchicha, matembele, bamia, kunde na nyanya chungu, ambazo zitamlisha huku akijifunza kiwanja chake. Mbegu za mchicha ni ndogo mno, kwa hiyo zichanganye na mchanga mkavu kabla ya kusia ili zisirundikane, zifukie kwa kina kisichozidi nusu sentimita, na uzifunike kwa nyasi nyepesi ambazo utaziondoa mara miche inapochomoza. Pita pia jioni uangalie sisimizi, kwa sababu hubeba mbegu hizo punje kwa punje na kukuachia tuta tupu. Mchicha huwa tayari kwa wiki tatu hadi nne, na badala ya kusia tuta zima kwa siku moja, sia kipande kidogo kila wiki, nyumba isikose mboga. Matembele yanahitaji marando tu: kata vipande vya sentimita 30, fukia nusu yenye vifundo, na baada ya mwezi hivi utaanza kuchuma vikonyo laini. Bamia zichumwe kila baada ya siku mbili, maana ukiziacha zikomae huwa ngumu na mmea hupunguza kuzaa. Ukitaka kisamvu, miche michache ya muhogo kwenye uzio inatosha, lakini kitwangwe na kuchemshwa vizuri, kwani majani mabichi ya muhogo yana sumu.

Nyanya ndiyo inayotamaniwa na kila mtu, nayo ina masharti zaidi. Maua yake hudondoka usiku ukiwa na joto kubwa, na usiku wa Januari na Februari katika jiji letu mara nyingi hukaribia nyuzi 25. Masika nayo huleta ukungu unaobabua majani yote kwa siku chache. Mimi huatika mbegu kitaluni mwishoni mwa Aprili au Mei ili nihamishie miche bustanini mwezi Juni, mvua zikiwa zimepungua na kipupwe kimeanza. Tangu mwaka 2014, mdudu ambaye wakulima walimwita kantangaze ameingia nchini na kuchimba majani na matunda ya nyanya. Katika bustani ndogo kinga bora ni kuyakagua majani kila asubuhi, kung'oa yenye vijinjia vyeupe na kuyafunga ndani ya mfuko wa nailoni unaoachwa juani.

Mche wa nyanya ukinyauka ghafla ukiwa bado kijani, usikimbilie dawa. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, kishike kikining'inia ndani ya glasi ya maji safi bila kukitikisa, na usubiri dakika chache. Ukiona nyuzi nyeupe kama za maziwa zikishuka kutoka kwenye mkato, huo ni mnyauko wa bakteria, hauna tiba, na mche ung'olewe pamoja na udongo unaoshikana na mizizi yake. Glasi ikibaki safi, ng'oa mche mwingine uliodumaa na utazame mizizi yake kwa makini. Mizizi yenye vinundu vilivyojipanga kama shanga imeshambuliwa na minyoo fundo, ambao hustawi sana kwenye mchanga na hushambulia pia bamia, bilinganya na mboga nyingine nyingi. Hapo ndipo mboji inapolipa tena, kwa sababu udongo wenye uhai hupunguza nguvu za minyoo hao. Unaweza pia kulilowanisha tuta mwezi Januari, ukalifunika kwa nailoni angavu na kukandamiza kingo zake kwa wiki sita, jua lifanye kazi yake. Kuna aina ya nyanya iitwayo Tengeru 97, iliyotolewa kutokana na utafiti uliofanyika Tengeru, Arusha, ambayo huwahimili minyoo hao, na mbegu zake inafaa kuziulizia dukani. Kumbuka pia kwamba nyanya, bilinganya, pilipili, nyanya chungu na mnafu ni ukoo mmoja. Zisifuatane kwenye tuta moja.

Kuhusu dawa za viwandani nina msimamo ambao sitaulegeza: hazina nafasi kwenye mchicha na matembele yanayochumwa kila baada ya siku chache. Kila dawa ina siku za kusubiri kabla ya kuvuna, zimeandikwa kwenye lebo, na mboga ya majani ya nyumbani haiwezi kuzisubiri. Vidukari huondoka kwa maji ya sabuni ya kipande yanayonyunyiziwa chini ya majani. Kwa viwavi, twanga gramu 50 za mbegu kavu za mwarobaini kwa kila lita moja ya maji, ziloweke usiku kucha, chuja, na unyunyize jioni, maana jua kali huiharibu dawa hiyo na mchana nyuki wako kazini.

Miti ya matunda ipandwe baada ya kujua jua linapita wapi na maji ya mvua yanatuama wapi, kwa kuwa haihamishiki. Mgomba upewe sehemu yanakoelekea maji ya kuoshea vyombo na nguo. Ndimu na maembe nunua miche iliyobebeshwa, ambayo huanza kuzaa ndani ya miaka miwili au mitatu, na ukague kovu la kubebesha kabla ya kulipa, kwa sababu mche wa mbegu na uliobebeshwa hufanana sana mbali na kovu hilo. Pasheni inayofaa joto letu ni ya njano. Ile ya zambarau ni ya nyanda za juu. Pasheni ya njano haizai kwa chavua yake yenyewe, hivyo panda miche miwili au zaidi iliyotokana na mbegu tofauti, na uwaache kwa amani wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao, maana wao ndio wachavushaji wake wakuu.

Papai huleta matunda mapema kuliko yote, kwa miezi tisa au kumi hivi, lakini huwezi kujua jinsia ya mche kwa kuutazama ukiwa mdogo. Chimba shimo la sentimita 60 kila upande, changanya udongo wake na ndoo mbili za mboji, kisha panda miche mitatu kwa pamoja. Maua yakitoka, mpapai dume utautambua kwa vikonyo virefu vinavyoning'inia na maua mengi madogo. Jike huwa na maua makubwa yaliyokaribiana na shina, na ule wenye jinsia zote mbili hubeba maua membamba kiasi, nayo karibu na shina. Bakiza mmoja kati ya hizi mbili za mwisho na ukate mingine, ila ukibakiza jike hakikisha kuna dume mahali fulani mtaani. Mpapai hauvumilii kutuamiwa na maji hata siku mbili, kwa hiyo masika yakianza inulia udongo shinani. Baada ya miaka mitatu hivi huwa mrefu na matunda hupungua. Atika miche mingine mapema, na shimo jipya ulichimbe mbali na lile la zamani.