Maswali na majibu: kupata msaada chuoni

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Tanzania, hasa wa mwaka wa kwanza. Mwandishi mmoja tu ni mhadhiri, na swali lake nalipa nafasi kubwa kuliko mengine.

Shikamoo. Nimetokea Sumbawanga, nimesoma shule ya kata. Kwenye semina nikiongea Kiingereza wenzangu wanacheka, siku hizi nakaa kimya. Nitakosa alama?

Marahaba, mwanangu. Ukikaa kimya utazikosa, kwa hiyo tusiache hivyo. Shule nyingi za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza karibu kila kitu kinageuka Kiingereza. Anayecheka mara nyingi amepita njia hiyo hiyo, au wazazi wake walikuwa na ada ya shule binafsi. Usiku wa kuamkia semina andika hoja yako kwa sentensi mbili, na uombe kuzungumza mapema, kabla mjadala haujapamba moto. Kicheko mwambie msimamizi wa semina. Kukikomesha ni kazi yake, si yako. Lafudhi ya nyumbani kwenu haina kosa lolote.

Darasani kwangu kuna wanafunzi wawili viziwi. Chuo kimeleta mkalimani wa lugha ya alama. Kuna kingine ninachotakiwa kufanya?

Asante kwa kuuliza, mwalimu. Kipo, tena kingi. Jaribu kumtazama mmoja wao wakati unafundisha. Macho yake yako kwenye mikono ya mkalimani. Akiinama kuandika, maneno yako yanampita. Akiinua macho usoni kwa mkalimani, hana alichoandika. Wewe wakati huo unaonyesha mchoro ubaoni na kusema "hii hapa inaingia hapa", naye hawezi kutazama sehemu mbili kwa wakati mmoja. Mwanafunzi huyo anaweza kuhudhuria vipindi vyote na bado akatoka na daftari jeupe.

Kwa hiyo wape maandishi ya somo kabla ya kipindi, na mkalimani umpe siku moja kabla, maana istilahi za fani yako huenda hazina alama iliyozoeleka, na inabidi yeye na wanafunzi hao wakubaliane kwanza. Ukionyesha mchoro, nyamaza kidogo wautazame, ndipo uendelee. Mwombe mwanafunzi mwenzao mwenye mwandiko mzuri awape nakala ya alichoandika. Umeme ukikatika jioni, mkalimani haonekani; sogeeni kwenye mwanga au ahirisha. Na swali lako lielekeze kwa mwanafunzi mwenyewe. Kusema "mwulize kama ameelewa" kunamfanya mtu mzima aonekane mtoto mbele ya wenzake, na hilo linauma.

Nina ualbino na uoni hafifu. Kwenye fomu sikusema, niliogopa kunyimwa nafasi. Nimechelewa?

Hujachelewa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inakulinda usibaguliwe katika elimu, na baadhi ya vyuo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikiwemo, vina kitengo maalumu kwa ajili ya wanafunzi wenye ulemavu. Nenda kwenye kitengo cha chuo chako, au kwa mshauri wa wanafunzi kama hakipo, ukiwa na barua ya daktari wa macho. Omba kwa maandishi: karatasi ya mtihani yenye herufi kubwa, muda wa nyongeza, na kiti cha mbele kisichoelekea dirisha, maana mwanga mkali unakuumiza. Omba sasa, kabla mitihani haijachapwa. Kwenye kompyuta ya Windows kuna programu ya NVDA, haina malipo, inakusomea maandishi macho yakichoka.

Mhadhiri mwema anaweza kukusaidia bila barua, najua. Lakini muhula ujao utakuwa na mwingine. Haki yako isitegemee moyo wa mtu. Iwe kwenye faili.

Mimi ni Msabato na mtihani umepangwa Jumamosi.

Kwa kawaida ratiba ya awali hutoka kabla ya ile ya mwisho, na huo ndio wakati wa kuleta ombi. Andika barua kwa mratibu wa mitihani wa idara, ambatanisha ya kanisa, na uwatafute wenzako mwandike pamoja. Waislamu wenye mtihani unaoingilia swala ya Ijumaa wafuate njia hiyo hiyo.

Mimi ni yatima. Vyeti vya vifo vya wazazi havikuhakikiwa kwa wakati na RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, nikakosa mkopo. Nabebwa na rafiki hosteli, yaani nalala kitandani kwake, na chakula ni mara moja kwa siku.

Pole sana, mdogo wangu. Maliza uhakiki RITA kwanza, kisha fuatilia dirisha la rufaa la Bodi ya Mikopo. Likifunguliwa halikai wazi muda mrefu. Afisa mikopo wa chuo akusaidie kupitia nyaraka kabla hujatuma. Kuhusu chakula usisubiri rufaa: mwone mshauri wa wanafunzi wiki hii, na mweleze kama ulivyonieleza mimi. Viongozi wa serikali ya wanafunzi na wa jumuiya yako ya dini nao huchangishana kimyakimya kwa ajili ya wenye shida kama yako. Nami naona kila chuo kinapaswa kutenga fungu la chakula la dharura, linalotolewa siku hiyo hiyo bila kumzungusha mwanafunzi ofisi tatu. Mwenye njaa hawezi kungoja kikao.