Jibu: Kutofautisha 持, 待 na 時
Ndugu, umeuliza ufanyeje ili kanji (herufi za Kijapani zenye asili ya Kichina) 持, 待 na 時 zisikuchanganye. Zote tatu zina 寺, hekalu, upande wa kulia, kwa hiyo achana na kulia, tazama kushoto. 持 ina mkono: kushika. 時 ina jua: wakati, na sisi tunaohesabu saa tangu jua kuchomoza hatuna sababu ya kuisahau. 待 ina alama ya mwendo: kusubiri. Hapo mimi huona mtu akizungukazunguka nje ya hekalu, anamngoja mwenzake. Matamshi ya kitenzi 持つ (kushika), motsu, niliyakamata kwa kuwaza mtu aliyeshika kaa la moto. Tafadhali usikariri kanji ikiwa peke yake; andika neno zima, kama 時間, jikan, yaani muda.